Shemeji anasema udongo ni mgumu kama jiwe, kwa nini nilipie kuupima?

Shikamoo mzee,

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika zahanati moja hapa Shinyanga. Nina miaka 36 na watoto watatu. Mume wangu anafanya kazi Geita, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mwaka juzi tulinunua kiwanja pembezoni mwa mji, mita 25 kwa 30, kwa mkopo wangu wa kazini pamoja na fedha za kikoba. Tunataka nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, si ghorofa. Matofali 3,000 yameshafyatuliwa, tripu nne za mawe zimeshushwa, na fedha ya msingi ipo benki.

Fundi wetu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Simsemi vibaya, ni fundi kweli. Amejenga nyumba zaidi ya thelathini na sijasikia hata moja iliyomletea lawama. Anataka tuanze mwezi huu wa nane ili mvua za Novemba zikute jamvi limeshamwagwa.

Kilichonitia hofu ni nyumba ya jirani yangu wa upande wa chini, mwalimu mstaafu. Alinikaribisha ndani akanionyesha ufa ulioanzia kwenye kona ya dirisha la sebuleni ukapanda mshazari hadi kwenye lenta. Ameuziba kwa saruji mara tatu. Anasema kiangazi unaingia kidole, masika unajifunga karibu wote, halafu kiangazi kikirudi unafunguka tena palepale. Yeye ndiye aliyenishauri nipime udongo kabla ya kuchimba msingi. Nikamtafuta mhandisi, akanitajia shilingi milioni mbili na laki mbili kwa mashimo matatu, vipimo vya maabara na ripoti.

Nilipomweleza shemeji, alinyamaza kidogo, kisha akachukua sululu akapiga chini mbele yangu. Ikadunda kama imegonga mwamba. Akaniambia, "Shemeji, huu udongo ni jiwe. Hiyo fedha tuongeze nondo." Mama mkwe naye akasema wasomi tunapenda kulipia karatasi. Mume wangu anasema niamue mimi, na hilo ndilo limenichosha kuliko yote.

Kazini mimi ndiye ninayemwambia tabibu asubiri kipimo kabla ya kumwandikia mtu dawa ya malaria. Sasa kwenye nyumba yangu mwenyewe nitajenga bila kipimo? Lakini pia sijui hata kinachopimwa ni nini. Mzee aliyetuuzia kiwanja alisema zamani baba yake alikuwa na majaluba ya mpunga pale, ndiyo maana pamenyooka vizuri. Nisaidie. Je, kupima ni lazima kwa nyumba ya chini? Nondo haziwezi kutosha? Na shemeji nimwambieje?

Mwenye kiwanja, Shinyanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye majaluba. Mkulima hachimbi jaluba mahali maji yanapozama. Huchagua udongo unaoyashika maji, na udongo unaoyashika maji mjengaji anapaswa kuuogopa mpaka aujue. Ukiunganisha na ufa wa mwalimu unaofunguka kiangazi na kujifunga masika, mimi tayari nina wasiwasi. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, pima. Usipange jiwe hata moja kwenye mtaro kabla ya kujua kilichoko mita mbili na nusu chini ya miguu yako.

Nianze na shemeji, kwa sababu nadhani hajakosea kuhusu nyumba zake thelathini. Muulize zilijengwa wapi. Ninyi mlioko Usukumani mna bahati ambayo wengi hawana: wazee wenu walishaupanga udongo na kuupa majina. Juu, karibu na mawe, kuna udongo wa mchanga wa luseni. Ukiteremka unakutana na itogolo, ule wenye tabaka gumu chini lisilopitisha maji. Bondeni kabisa kuna mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunata kwenye viatu masika. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani kule Tanga, aliuona mpangilio wa namna hiyo ukijirudia kilima baada ya kilima Afrika Mashariki. Mwaka 1935 akauita catena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na jina hilo linafundishwa hadi leo katika vyuo vya dunia nzima. Maana yake kwako ni kwamba mteremko wa mita mia tatu unatosha kukuhamisha kutoka udongo mmoja hadi mwingine wenye tabia tofauti kabisa. Fundi aliyejenga maisha yake yote kwenye luseni ana uzoefu wa kweli, ila ni uzoefu wa luseni.

Mpunga hulimwa pia kwenye itogolo, na itogolo hauvimbi kama mbuga. Ndiyo maana mimi niliye mbali siwezi kukuambia kiwanja chako ni kipi kati ya hivyo viwili. Kinaweza hata kuwa na vyote, juu kimoja na chini kingine, na hiyo ndiyo hali ninayoiogopa zaidi, kwa sababu nusu ya nyumba itatulia na nusu itacheza.

Sasa sululu. Mwezi wa nane kila mfinyanzi ni jiwe. Udongo uliokauka miezi minne una nguvu ya kubeba hata ghorofa, na ukiupima hivyo utafurahi. Lakini nyumba yako haitakaa mwezi wa nane tu. Katika udongo wa mbuga kuna madini ya mfinyanzi yanayoitwa montimorilonaiti, yaliyojengeka kwa vipande vyembamba mno vilivyolala kimoja juu ya kingine. Maji yanapofika hupenya katikati ya vipande hivyo na kuvitanua, kisha jua likirudi maji hutoka na vipande vikakaribiana. Ndiyo ile mipasuko unayoiona mashambani, mingine inameza fimbo nzima.

Nyumba ikikaa juu ya udongo huo, katikati yake chini ya jamvi unyevu haubadiliki sana, maana jua halifiki wala mvua. Pembeni ndiko kunakovimba na kusinyaa kila mwaka. Kiangazi kona zinashuka, masika zinapanda, na tofali halijui kupinda, kwa hiyo linapasuka mahali dhaifu kuliko pote, yaani kona za madirisha na milango. Ufa wa mwalimu umeanzia hapohapo. Kama angejenga juu ya kifusi kisichoshindiliwa, ufa wake ungezidi kupanuka upande mmoja bila kurudi. Wake unafuata misimu, na saruji anayoujazia kila mara inabanwa masika halafu ukuta unapasuka upya.

Nyumba ya baba yangu ilikuwa hivyo. Kila masika mlango wa chumba chake uligoma kufunga, naye kila masika aliuvua akaupiga randa. Kiangazi kilipofika mlango ulikuwa mfupi kuliko fremu yake, upepo na vumbi vikaingia juu na chini. Alifanya hivyo miaka mingi akilaumu mbao. Nilipojifunza udongo chuoni ndipo nilipoelewa kwamba mbao hazikuwa na kosa, fremu ndiyo iliyokuwa ikivutwa na ukuta, na ukuta ulikuwa ukivutwa na ardhi. Baba alikuwa ameshafariki. Naandika habari hizi kila ninapopata nafasi kwa sababu yake.

Swali lako la nyumba ya chini. Watu wengi hudhani vipimo ni vya ghorofa kwa kuwa ghorofa ni zito. Kwenye udongo unaovimba ni karibu kinyume chake. Ukuta wa nyumba ya chini hukandamiza ardhi kwa takriban kilonewtoni 50, yaani kama uzito wa tani tano, kwa kila mita ya mraba ya msingi. Mfinyanzi mkali unaovimba, ukizuiwa usitanuke, unaweza kusukuma kwenda juu kwa zaidi ya 100, na mwingine hupita 200. Nyumba nyepesi ndiyo inayonyanyuliwa. Na nondo alizozisema shemeji zinasaidia pale tu mhandisi anapokuwa amezipanga kwenye boriti za msingi kwa hesabu, akijua udongo utasukuma kwa kiasi gani na kutoka wapi. Nondo zilizoongezwa kwa kukisia ni chuma ulichokizika.

Haya, kinachopimwa ni nini? Kuna jambo unaloweza kufanya wewe mwenyewe wiki hii, na vifaa vyake unavyo kazini. Chukua udongo kutoka kina cha mita moja, uanike mpaka ukauke kabisa, uutwange, uuchekeche kwa chekeche laini. Jaza maji kwenye silinda ya kupimia ya mililita 100, kisha mimina polepole mililita 10 za ule unga. Acha saa 24 bila kutikisa. Ukisoma mililita 20 au zaidi, udongo umejiongeza maradufu, na huo si wa kuchezea. Ukibaki chini ya 15, mara nyingi matatizo ni madogo. Usitumie silinda ya kupimia dawa za wagonjwa, tafuta iliyostaafu. Na usijengee majibu haya. Ni ya kukusaidia kujua uharaka na kumwonyesha shemeji kitu cha kushika kwa macho.

Kazi yenyewe inaanza na mashimo. Kwa nyumba yako matatu yanatosha, mawili upande wa juu na wa chini wa nyumba na la tatu katikati ya urefu, yote nje kidogo ya mstari wa kuta ili usije kuweka msingi juu ya shimo ulilolifukia. Kina kiwe mita mbili na nusu hadi tatu. Hapa nakuomba sana uwe mkali: udongo wa mbuga humeguka mabonge makubwa bila kutoa onyo. Shimo likipita kimo cha kiuno lipanuliwe kwa ngazi au liwekewe mbao za kuzuia kingo, udongo unaotolewa umwagwe angalau mita moja kutoka ukingoni, na mtu asiingie bila mwenzake juu. Usiku lifunikwe. Una watoto, na majirani wana watoto.

Mhandisi ataandika tabaka moja baada ya jingine, rangi, unene, mizizi, vijiwe vyeupe vya chokaa. Katika mfinyanzi unaovimba mara nyingi ukivunja bonge unakuta nyuso laini zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Hizo ni alama za udongo uliokwisha kusuguana wenyewe kwa wenyewe miaka mingi. Shimo moja liachwe wazi siku nzima kuona kama maji yanachuruzika na yanasimama wapi. Anaweza pia kupigilia chuma chenye ncha kwa nyundo ya kilo 8 inayodondoka sentimita 57.5, akihesabu milimita kwa kila pigo, ili ajue ugumu wa tabaka bila kuchimba kote. Ile mitambo mikubwa yenye nyundo ya kilo 63.5 inayodondoka sentimita 76 ni ya maghorofa na madaraja. Akitaka kukuuzia hiyo kwa vyumba vitatu, muulize sababu.

Kuhusu sampuli sihitaji kukufundisha, ila simamia kama unavyosimamia za damu. Kila tabaka mfuko wake, kina na namba ya shimo vikiandikwa palepale, na mfuko ufungwe unyevu usitoroke. Nimeshaona udongo wa mashimo matatu ukichanganywa kwenye kiroba kimoja na kupelekwa maabara. Majibu yake hayamhusu mtu yeyote.

Maabara watachekecha kujua mchanga ni kiasi gani na mfinyanzi kiasi gani. Watatafuta pia unyevu ambao udongo huanza kufinyangika bila kukatika, na ule ambao huanza kulegea kama uji. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ninayoitazama kwanza kwenye ripoti yoyote. Ikiwa chini ya 18 napumua. Ikipita 35 najua msingi wa kawaida wa mawe hautoshi. Omba pia kipimo cha kusinyaa, na kile cha kuloweka udongo ndani ya pete ya chuma ili kuona unanyanyuka kiasi gani ukiwa na mzigo juu yake. Hicho cha mwisho kinagharimu zaidi, lakini kwenye kiwanja kilichokuwa jaluba nisingekiacha.

Bei uliyotajiwa jaribu kuishusha kwa njia halali. Mwambie mhandisi mashimo mtachimba wenyewe kwa maelekezo yake, atoe bei upya. Uliza TANROADS, Wakala wa Barabara, hapo mkoani na maabara za vyuo vya uhandisi wanatoza kiasi gani kwa kila kipimo. Usichokubali kushusha ni mhandisi kufika. Ripoti nzuri ina ramani ya mashimo ya kiwanja chako, maelezo ya kila tabaka, majibu ya maabara, uzito ambao udongo unaweza kubeba, aina ya msingi unaopendekezwa, na mhuri wa mhandisi ambaye jina lake lipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kuna watu hubadilisha jina kwenye ripoti ya kiwanja kingine. Wewe uwepo siku ya kuchimba, ukapige picha.

Majibu yakija na kuonyesha ni mbuga, mambo yatategemea huo udongo mweusi unaishia kina gani. Ukiishia mita moja au moja na nusu, mnauondoa wote chini ya nyumba na mita moja zaidi kila upande, kisha mnajaza moramu, ule udongo wa changarawe, mkishindilia kila tabaka la sentimita 15 hadi 20 kabla ya kuongeza jingine. Wakenya wanaojenga Syokimau na Athi River wamezoea hivyo, udongo mweusi husombwa kwa malori kabla ya kuwaza msingi. Msijaze mchanga. Shimo lililochimbwa kwenye mfinyanzi na kujazwa mchanga huwa beseni, maji ya mvua yanaingia na hayatoki, na mfinyanzi ulioko chini unakunywa mwaka mzima. Ukikuta weusi unaendelea kupita mita mbili, mhandisi atafikiria nguzo fupi za zege zinazotoboa hadi tabaka tulivu, na boriti zilizoachiwa nafasi chini yake ili udongo uvimbe bila kuzigusa, au jamvi zito lenye mbavu linaloibeba nyumba kwa pamoja. Vyote ni ghali. Kabla ya kuvikubali, tazama kama nyumba inaweza kusogezwa sehemu ya juu ya kiwanja. Mita kumi za kusogea zinaweza kukuokolea fedha nyingi kuliko ushauri wowote wangu.

Na hata ujenge kwa msingi gani, maji uyaongoze. Mifereji ya paa itoe maji mbali na kuta, ukanda wa zege wa mita moja na nusu uzunguke nyumba, shimo la maji taka lisikae karibu na msingi, na mikaratusi isipandwe jirani. Mti mkubwa hunywa unyevu upande mmoja wa nyumba na kona hiyo hushuka peke yake.

Shemeji yako. Hapa mume wako asikae pembeni. Kumwachia mke aamue jambo linalomgusa mdogo wake na mama yake ni kumtwika mzigo wa ukoo. Ampigie simu mdogo wake yeye mwenyewe, kabla hujasema neno jingine, amwambie kuwa wameamua pamoja kupima. Kisha mpeni shemeji kazi ya mashimo, na mlipeni kama fundi. Yeye ndiye atakayeshika lile bonge linalong'aa mkononi, na mtu wa nyumba thelathini ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Mwambie nyumba zake zote zimesimama na ungependa yako iwe ya thelathini na moja. Mwalike pia kwa mwalimu, aone ufa kwa macho ya fundi. Mama mkwe msimbishie. Atamsikia mwanawe.

Kama Novemba itawakuta hamjaanza, acheni iwakute. Matofali hayaozi, na mvua ya kwanza itawaonyesha maji yanasimama wapi kwenye kiwanja.

Msalimie shemeji. Mwambie akifika mahali weusi unapoishia, apime kwa futikamba kutoka juu, aandike namba kwa chokaa kwenye ubao, na wewe upige picha ubao ukiwa ndani ya shimo. Ukiniandikia tena, anza na namba hiyo.